Randolph Caldecott: karani wa benki aliyeiachia picha iseme lake

Kila mwaka tangu 1938, Jumuiya ya Maktaba ya Marekani humtunuku medali mchoraji wa kitabu cha picha cha watoto kilichoonekana kuvipita vyote vya mwaka uliotangulia. Upande mmoja wa medali yupo bwana aliyemng'ang'ania farasi anayetimua mbio, bata bukini wakitawanyika, mbwa wakibweka, watu wameduwaa. Upande wa pili mfalme anaandaliwa pai iliyojaa ndege. Picha zote mbili ni za Randolph Caldecott, na medali inabeba jina lake. Caldecott alikuwa Mwingereza. Marekani aliikanyaga mara moja, akakaa miezi michache, akafia huko.

Hilo la uraia ni fundo dogo. Kubwa ni ile sifa anayopewa, kwamba ndiye baba wa kitabu cha picha cha kisasa. Ukiisoma harakaharaka utadhani ndiye wa kwanza kuwachorea watoto. Hata kidogo. Comenius, mwalimu kutoka Moravia (katika Cheki ya leo), alitoa kitabu chake cha kufundishia kwa picha, Orbis Pictus, mwaka 1658. Mchapishaji John Newbery alianza kuwauzia watoto wa London vitabu vyenye picha mwaka 1744. Mchoraji George Cruikshank alizichorea hadithi za ndugu wawili Grimm katika miaka ya 1820, Caldecott hajazaliwa. Ukisema labda basi alikuwa wa kwanza kutumia rangi, mchoraji Walter Crane anasimama mbele yako na lundo la vitabu vya rangi vilivyoanza kutoka 1865, Caldecott akiwa bado anahesabu fedha za watu benki.

Kwa hiyo tukitaka kujua alianzisha nini hasa, inabidi tuangalie mambo ambayo kwa kawaida husimuliwa kila moja peke yake: mashine iliyomchapia, mkataba aliokubali, na kile alichokifanya kwenye kurasa ambazo maneno yake yalikuwa yanajulikana na kila mtu.

Kutoka kaunta ya benki

Alizaliwa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 22 Machi 1846. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Alipofika miaka 15 aliacha shule akaajiriwa benki katika mji mdogo wa Whitchurch, na mwaka huohuo, 1861, gazeti la Illustrated London News likachapisha mchoro wake wa hoteli ya reli ya Chester ikiteketea kwa moto. Kijana wa umri huo kuchapishwa London si jambo dogo, ila halikumtoa benki.

Miaka ya Whitchurch ndiyo iliyompa mtaji. Alipanga mashambani nje ya mji, akapanda farasi, akafuatana na wawindaji, akazunguka magulio na kuwatembelea wakulima. Ukiona jinsi farasi wake wanavyoinamisha mgongo kabla ya kuruka ua, au mbwa wake wanavyogeuza shingo kumtazama mwenyewe, unajua huyu hakujifunza wanyama kwa kunakili picha za wengine. Mwaka 1867 alihamishia ajira yake kwenye benki ya Manchester, akawa anasoma uchoraji jioni katika shule ya sanaa ya mji huo. Mwaka 1872, akiwa na miaka 26, aliaga kazi ya benki akahamia London kuishi kwa kalamu.

Afya yake haikuwa nzuri. Moyo ulikuwa dhaifu tangu utotoni na tumbo lilimsumbua, na majira ya baridi mara nyingi yalimkimbiza kusini mwa Ulaya. Nataja hili mapema kwa sababu kazi zote zinazompa jina zilifanywa katika miaka minane, na mwenye kuzifanya alikuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo.

London alichorea magazeti, likiwamo The Graphic, na mwaka 1875 zikatoka picha zake zaidi ya 100 za Old Christmas, masimulizi ya mwandishi Mmarekani Washington Irving kuhusu Krismasi katika nyumba ya bwanyenye wa shamba. Kitabu hicho kilimpendeza mtu mmoja aliyekuwa akitafuta mchoraji mpya.

Kibao, wino na rangi sita

Mtu huyo ni Edmund Evans, mchapaji, mwenye karakana Racquet Court, pembeni mwa Fleet Street. Evans alichukizwa na vitabu vya watoto vya bei rahisi vilivyojaa rangi za kuumiza macho. Aliamini kitabu cha mtoto kinaweza kuwa kizuri na bado kikauzwa bei ya kawaida, mradi nakala ziwe nyingi za kutosha kugawana gharama. Crane alikuwa mchoraji wake wa kwanza mkubwa. Alipopumzika na kazi hiyo, Evans akamwendea Caldecott.

Sasa tushuke karakanani, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Wachongaji wa wakati huo walitumia mti mgumu sana wenye nyuzi zilizosongamana. Shina lilikatwa kwa kukingama, kama mtu anavyokata muhogo vipande vya mviringo, ili chombo cha kuchongea kiweze kwenda upande wowote bila kufuata nyuzi za mti. Miti hiyo ni myembamba, hivyo vipande vidogo viliungwa kupata kibao kikubwa. Mchoro wa wino ulihamishiwa juu ya kibao kwa njia ya upigaji picha, kisha mchongaji akachimba kila mahali pasipo na mstari. Kilichobaki juu kinashika wino, kilichochimbwa kinabaki cheupe.

Faida kubwa ya mbinu hii ni kwamba herufi za chuma nazo huchapa kwa sehemu iliyoinuka. Kibao cha picha na herufi hukaa kwenye mtambo mmoja, hupakwa wino pamoja, huchapwa kwa mkupuo mmoja. Picha za zamani zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba zilihitaji mtambo wake, hivyo zilikaa kwenye kurasa zao kama wageni waalikwa. Picha ya kibao inaweza kukaa juu ya mstari wa maneno, chini yake, au kujipenyeza katikati ya beti mbili. Caldecott aliitumia nafasi hiyo kuliko yeyote kabla yake.

Rangi ilikuwa shughuli nyingine. Kwanza Evans alichapa nakala ya majaribio ya mistari pekee, Caldecott akaipaka rangi kwa mkono. Evans akaitazama na kuamua ni vibao vingapi vitatosha kuikaribia. Yeye mwenyewe alieleza katika kumbukumbu zake: kibao cha mistari kwa kahawia iliyoiva, kimoja cha rangi ya ngozi kwa nyuso na mikono, kisha chekundu, cha buluu, cha njano na cha kijivu. Rangi nyingine zilipatikana kwa kupandisha moja juu ya nyingine, njano juu ya buluu ikatoa kijani, na wekundu ukapunguzwa kwa kuchongwa mistari myembamba badala ya kujaza eneo lote. Karatasi ilipita mtamboni mara moja kwa kila kibao, na kila mara ilibidi ikae palepale. Ikiteleza kidogo, shavu la mtoto linahamia sikioni.

Kwa gharama hizo hakuna aliyeweza kuuza kitabu chote cha rangi kwa shilingi moja. Suluhisho likawa kurasa chache za rangi na nyingine nyingi za mistari ya kahawia tu. Mchoraji wa kawaida angezihesabu hizo za mistari kuwa za kujazia. Caldecott, kwa maoni yangu, aliweka humo kazi yake bora.

Peni moja kwa kila shilingi

Habari ya fedha huwa inarukwa, na ni makosa, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mchoraji alijali kitabu kizima.

Desturi ilikuwa mchoraji alipwe mara moja, akabidhi picha, aende zake. Kitabu kikiuza nakala milioni, shauri ya mchapishaji. Crane alifanya kazi kwa mtindo huo, na alipoomba fungu la mauzo alinyimwa. Kwa Caldecott mambo yalikwenda tofauti. Evans alibeba gharama ya kuchonga, karatasi na kuchapa nakala 10,000 za mwanzo, huku kampuni ya George Routledge ikisambaza. Caldecott hakuchukua malipo ya kukatia kauli. Alikubali mrabaha wa peni moja kwa kila nakala ya shilingi moja, yaani moja ya kumi na mbili, kwa kuwa shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12. Vitabu visipouzika, asipate kitu.

Piga hesabu. Nakala 10,000 ni peni 10,000, na pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo mkononi zinaingia pauni 41 na ushei. Si utajiri kwa kitabu kilichochukua miezi. Lakini nakala hizo za mwanzo hazikukaa dukani, na Evans anasimulia kwamba idadi ya kuchapa ilipanda upesi hadi 100,000. Hapo ni pauni zaidi ya 400 kwa kitabu kimoja, na alikuwa akitoa viwili kila Krismasi.

Viwili vya kwanza vilitoka 1878: The House that Jack Built, wimbo wa kujirudia wa watoto, na shairi la William Cowper la mwaka 1782 kuhusu John Gilpin, muuza vitambaa ambaye farasi anamtoroka naye mgongoni. Huyo ndiye bwana wa kwenye medali. Hadi 1885 vikawa 16.

Tazama pia maneno yenyewe. Karibu yote yalikuwa nyimbo za watoto zisizo na mwenyewe au mashairi ya waliokwisha kufa zamani. Hapakuwa na mwandishi wa kulipwa, na hapakuwa na mwandishi wa kulalamika kwamba mchoraji ameongeza mambo. Mchoraji alibaki peke yake na wimbo ambao kila mama Mwingereza aliujua kwa moyo, akawa huru kuupeleka atakako.

Sahani, kijiko na ngozi ya sungura

Tuchukue kitabu cha 1882 chenye nyimbo mbili. Wa kwanza, Hey Diddle Diddle, ni mistari michache ya upuuzi mtupu: paka na fidla, ng'ombe karuka juu ya mwezi, mbwa mdogo kacheka, sahani katoroka na kijiko. Basi. Mchoraji wa kuzingatia maneno angechora picha nne akalala.

Caldecott alipofika kwenye kutoroka alichora vyombo vya mezani vikicheza dansi, kisha sahani na kijiko wameketi wawili, wakipendana waziwazi. Wimbo unaishia hapo. Unafungua ukurasa unaofuata, hakuna neno hata moja, kuna mchoro mdogo wa kahawia. Sahani iko chini, imevunjika vipande vipande. Kijiko anaondolewa mkukumkuku na kisu upande huu na uma upande ule, bila shaka baba na mama waliowafumania. Katika wimbo hakuna wazazi, hasira wala kifo. Vyote vimo kwenye picha, na mtoto ndiye anayevigundua, mara nyingi kabla ya mtu mzima anayemsomea, ambaye macho yake yameganda kwenye maneno.

Wimbo wa pili, Baby Bunting, ni wa kumbembeleza mtoto alale: baba kaenda kuwinda, ataleta ngozi ya sungura ya kumfunika mwanawe. Caldecott anamvalisha baba huyo vizuri, anamtoa na mbwa, na anaonyesha kwamba hapati kitu. Ngozi inanunuliwa dukani mjini. Wimbo hausemi uongo, ila picha inasema ukweli zaidi. Kisha inakuja picha ya mwisho: mama anatembea na mtoto aliyevishwa ngozi ile, masikio yamesimama kichwani, na mbele yao kwenye kilima wako sungura hai. Mtoto anawakodolea macho. Maurice Sendak, mchoraji wa Marekani aliyempenda Caldecott kupita wote, aliuona usoni mwa mtoto mwanzo wa kuelewa kwamba nguo yake imetoka wapi. Huo ni mzigo mzito kupachikwa kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto, na umepachikwa kwa nukta mbili za macho.

Hili ndilo ninaloliona kuwa jibu la swali la ubaba. Kabla yake, picha ilionyesha kile kilichosemwa, na kwa wengine iliongeza mapambo. Kwake, maneno yanasema jambo moja, picha inasema la pili, na hadithi yenyewe haiko kwenye lolote kati ya hayo hadi yakutane. Ukifunika picha za Baby Bunting umebaki na wimbo wa kubembelezea. Ukifunika maneno umebaki na familia inayotembea.

Aliifikisha mbali zaidi mwaka 1885 kwa The Great Panjandrum Himself. Maneno ya kitabu hicho yanatajwa kuwa ya Samuel Foote, mwigizaji na mtunzi wa Kiingereza, aliyeyabuni karne ya 18 kumkomoa mwigizaji mwenzake aliyejigamba kwamba anakumbuka chochote akisikia mara moja: mwanamke anakwenda bustanini kukata jani la kabeji atengeneze pai ya tufaha, dubu jike anachungulia dukani, hakuna sabuni, mtu anakufa, bibi anaolewa na kinyozi. Yalitungwa makusudi yasishikike kichwani. Caldecott alichukua takataka hiyo akaichorea watu wenye nyuso, nguo na mitaa, na Panjandrum mwenyewe akamvika joho na kofia ya mwalimu. Ukipitisha macho unaamini kabisa kuna hadithi.

Mistari michache

Crane, Caldecott na Kate Greenaway hutajwa pamoja kwa sababu wote walipita mikononi mwa Evans. Greenaway na Caldecott walizaliwa wiki moja, Greenaway tarehe 17 Machi 1846. Ufanano unaishia karibu hapo. Kurasa za Crane zimesheheni, kila pembe ina nakshi, ni za kutundikwa ukutani. Watoto wa Greenaway ni wasafi, wamevaa vizuri, na huwezi kufikiria mmoja wao akianguka. Wa Caldecott wanaanguka. Kuna upepo kwenye michoro yake, na ukurasa kwa sehemu kubwa ni mweupe.

Weupe huo haukuwa uvivu. Alikuwa akisema kwamba kuacha vitu nje ni elimu, na kwamba mistari ikipungua makosa nayo hupungua. Rafiki yake Henry Blackburn aliyaandika hayo katika kitabu cha kumkumbuka. Gauguin, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, aliwasifia sana bata bukini wa Caldecott. Baba yake Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alinunua baadhi ya michoro yake asilia, binti akakua nayo nyumbani, na uzeeni akaandika kwamba alijaribu kumwiga asifike mbali. Mtazame chura wake Jeremy Fisher baada ya kumwona chura wa Caldecott wa 1883 anayekwenda kuposa, utajua alitoka ukoo gani.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Uingereza anayoichora haikuwapo tena alipokuwa anaichora. Yeye aliishi Manchester, jiji la viwanda vya pamba na moshi, na hakuna bomba la kiwanda hata moja ninalolikumbuka kwenye vitabu vile 16. Kuna mabwanyenye wa karne iliyopita, wawindaji waliochangamka, wasichana wa kukamua maziwa na nyumba za wageni za njiani. Wanunuzi wa mjini walikuwa na kiu ya kijiji walichokiacha, naye aliwauzia. Hata hivyo hakuwauzia kikiwa kimetiwa sukari tupu: wawindaji wake watatu wa 1880 ni wapumbavu watatu, wanakuta sanamu ya kufukuzia ndege shambani na mmoja anashikilia kwamba ni mkulima aliyepotea njia.

Florida, na medali

Alimwoa Marian Brind mwaka 1880. Hawakupata watoto. Mwishoni mwa 1885 walivuka bahari kwenda New York, yeye akiwa na kazi ya kuchora maisha ya Wamarekani, wakashuka pwani ya mashariki kulifuata joto. Florida mwaka huo ilipigwa na baridi isiyo ya kawaida. Alifariki St. Augustine tarehe 12 Februari 1886, akiwa na miaka 39, akazikwa hukohuko.

Medali ilikuja nusu karne baadaye, kwa wazo la Frederic Melcher, mtu wa biashara ya vitabu ambaye alikwisha kuanzisha tuzo ya waandishi wa watoto kwa jina la Newbery. Aliona wachoraji nao wanastahili yao. Wa kwanza kuipata, 1938, alikuwa Dorothy Lathrop. Masharti yanataka mchoraji awe raia au mkazi wa Marekani, kwa hiyo Caldecott mwenyewe asingeruhusiwa hata kushindana.

Msomaji wa Kiswahili ana cha kuangalia kwenye orodha ya waliotambuliwa. Mwaka 1972 heshima ya Caldecott, ngazi iliyo chini kidogo ya medali, ilikwenda kwa Tom Feelings kwa kuchora Moja Means One, kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, na mwaka 1975 akaipata tena kwa Jambo Means Hello, cha alfabeti. Maandishi ya vyote viwili ni ya Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda. Miaka ya 1976 na 1977 medali yenyewe ilichukuliwa mfululizo na Leo na Diane Dillon, mume na mke, kwa vitabu vya visa na maisha ya Afrika, na Leo akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata.

Vitabu vya Caldecott hakimiliki yake imekwisha siku nyingi, na kadhaa vinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Usianze na John Gilpin eti kwa kuwa ndiye wa kwenye medali, maana shairi lake ni refu na Kiingereza chake cha kale kitakuchosha. Anza na cha 1882, cha sahani na kijiko, na ukiwa na mtoto karibu, mwache yeye ndiye afungue kurasa.